Kibofu Nilichokisomesha

Nitaanza na neno lenyewe, maana nililificha miaka minne na kulificha hakukunifaa kitu: nilikuwa navuja mkojo. Si kila saa, wala si wa kujaza kata. Nikikohoa, tone. Nikipiga chafya, matone. Nikipandisha ndoo kisimani, leso ya ndani imerowa. Na nikicheka, hapo ndipo pabaya zaidi, na mimi nimeumbwa mtu wa kucheka.

Ilianza baada ya mtoto wangu wa tano, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, kwetu Kisauni. Mtoto alikuwa na kichwa kikubwa, nikakaa na uchungu siku mbili, na mkunga alipomaliza kunikanda akaniambia kila kitu kitarudi mahali pake arubaini ikitoka. Arubaini ikatoka. Mtoto akatambaa, akasimama, akaanza kukimbiza kuku, na mimi bado nafua leso.

Mwanamke mwingine angeweza kuliweka jambo hilo chumbani mwake na kunyamaza. Mimi nilikuwa mwalimu wa chuo. Ukumbi wa nyumba yetu ulikuwa na mikeka mitatu, na juu ya mikeka hiyo bibi yangu mzaa mama alisomesha wasichana Kurani tangu mtaa wetu ulipokuwa nyumba chache katikati ya minazi. Alipochoka akamwachia mama yangu, na mama yangu alipokufa chuo kikawa changu, nikiwa bado msichana mbele ya macho ya wazazi walioniletea watoto. Nilikuwa na wanafunzi ishirini na saba, na nusu yao mama zao walionja fimbo ya henzirani ya mama yangu. Nilijivunia hilo, na bado najivunia. Sioni kwa nini nijishushe leo uzeeni.

Lakini mwalimu asiye na udhu ni mwalimu gani? Msahafu haushikwi bila tohara. Sharia yenyewe nilikuwa naijua, tena niliisomesha kwa mdomo wangu: mtu ambaye mkojo haumwishi ana udhuru, ajifunge kitambaa, atie udhu wakati wa swala ukishaingia, aswali, na Mwenyezi Mungu amekwisha kumpokelea. Nililieleza hilo bila kupepesa macho, kama habari ya watu wa nchi ya mbali. Lilipofika mlangoni kwangu nikaona haya kulitumia. Nilitia udhu mara sita, mara saba kwa asubuhi moja. Msahafu niliwaachia wasichana waufungue wenyewe, mimi nikisahihisha kwa kichwa, na nikajifanya kwamba ndiyo njia mpya ya kusomesha.

Asubuhi moja wanafunzi walikuwa wamefagia ukumbi, na vumbi likanipanda puani. Nikakohoa, nikakohoa tena, kikohozi cha kutoka tumboni. Wakati huo mama wa mwanafunzi mmoja alikuwa amesimama mlangoni kuniuliza juzuu ya mwanawe imefika wapi. Nikainuka kumlaki. Jicho lake likashuka kwenye mkeka, likakaa hapo kidogo, kisha likapanda usoni kwangu. Tukasalimiana, tukaulizana watoto, akaenda zake.

Juma lililofuata mwanawe hakuja. Nikasikia amepelekwa chuo kingine. Kisha dada wawili wa nyumba ya pili wakaacha, wakafuatwa na binamu yao. Mwezi ulipokwisha nilikuwa na wanafunzi kumi na tisa, na maneno yamekwisha kuzunguka kisima kizima: mwalimu hana udhu. Chuo cha wanawake watatu, miaka zaidi ya sitini, kilikuwa kinavuja pamoja nami.

Nilikuwa nikiishi na mavyaa wangu, mama wa mume wangu, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Alikuwa ameniona nikianika leso saba kwa siku na akanyamaza muda wote huo, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kufunga Ramadhani mbili. Siku ile binamu alipoacha, akanifuata uani.

"Mwanangu, mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Weye wasomesha watoto wa watu wasione haya kuuliza. Mbona mwenyewe hujauliza?"

"Nimuulize nani, mama? Mkunga asema ni chango."

"Chango gani lisilosikia dawa miaka mine? N'tamwambia mume wako. Na usinitolee mato."

Nilimtolea macho hayo hayo, na akamwambia. Mume wangu alikuwa mtu wa gatini, kule bandarini, mpole, asiyependa habari za wanawake, lakini kesho yake aliuliza wenzake, na mwenzake mmoja mke wake alikuwa ameshonwa katika hospitali kubwa ya kisiwani. Nilipoambiwa kwamba kuna mwanamke mwingine duniani, tena wa Changamwe, aliyekuwa akivuja kama mimi, nililia kwa furaha. Sikumjua na sikumtakia mabaya, ila nilifurahi sana kwamba yuko.

Tukapanda basi kwenda kisiwani. Daraja la Nyali siku zile lilikuwa likielea juu ya maji, na basi likipita juu ya mbao zake liliturusha kama karanga kaangoni. Nilifika ng'ambo nimerowa. Nikajiambia si neno, daktari atapata ushahidi.

Daktari alikuwa Mzungu mzee mwenye mikono ya baridi. Akanisimamisha, akaniambia kwa ishara nikohoe, nikakohoa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akasema maneno mengi, mengi sana, akihesabu kwa vidole, na mkalimani wake akasubiri mpaka mwisho akaniambia: "Anasema atakushona na utapona." Nikauliza, maneno yote yale ni hayo tu? Mkalimani akasema ndiyo, mengine ni ya kidaktari. Nimeyafikiria sana baadaye hayo mengine ya kidaktari.

Nikatiwa nusu kaputi nikihesabu majina ya watoto wangu. Sikufika kwa wa tatu. Nilipoamka nilikuwa na mshono, na kiu, na mpira mwembamba umetiwa kwenye njia ya mkojo kwenda chupani, na nikakaa hivyo siku nyingi nikiutazama mkojo wangu kama wa mtu mwingine. Ulipotolewa mpira nikaambiwa niende haja. Nikakaa muda mrefu, ukaja kidogo kidogo, ukaisha. Wakaniandikia ruhusa ya kwenda nyumbani.

Mavyaa akanipokea kama mzazi. Akanilaza, akanikataza kuinua hata kikombe kizito, akanipikia uji wa pilipili manga, na akanihesabia siku arubaini kamili ingawa sikuwa na mtoto wa kumwonyesha mtu. Majirani walipokuja kunitazama, nilikuwa nimeketi juu ya mto mweupe. Nikaona hakuna ushahidi bora. Nikakohoa. Si kikohozi cha ugonjwa, cha makusudi, kirefu, mbele ya wanawake tisa. Kisha nikainuka kwenda kumimina chai, na mto nikauacha pale pale wautazame. Mweupe! Mmoja akapiga kigelegele bila kujua kwa nini wenzake wanacheka, na mimi nikacheka mpaka mshono ukaniuma, na nisivuje.

Chuo kikafunguliwa tena. Wanafunzi watatu wakarudi. Yule wa kwanza hakurudi, lakini mama yake alinisalimia kisimani kwa sauti ya mtu anayefikiria.

Basi nilipoona nimeshinda, kikaanza kitu kipya.

Kwanza nilidhani ni maji mengi ya kunywa. Niko mkekani, msichana anasoma, na ghafla naitwa. Si kuitwa kwa kawaida, kule kwa kusema nikimaliza hili nitakwenda. Ni wito wa askari wa kodi mlangoni: sasa hivi, simama. Nakimbia msalani, nachuchumaa, na hapo hautoki. Nangoja. Unakuja mwembamba kama uzi, unakatika, unakuja tena. Narudi mkekani, na kabla sijapoa naitwa tena. Nilikwenda mara tisa kabla ya adhuhuri. Nilikuwa sivuji tena kwa kikohozi wala kicheko, hilo lazima niliseme kwa haki, mshono wa Mzungu yule ulishika. Lakini mara mbili nilipochelewa njiani, mkojo ulinitangulia, na nikasimama nyuma ya mlango wa uani nikijiuliza kama nimepasuliwa ili nibadilishiwe aibu moja kwa nyingine.

Wasichana wangu hawakuwa malaika. Kila nikiinuka wakawa wanaruka aya, wakipashana zamu, ili chuo kiishe mapema. Nikirudi nawaambia, "Wewe umeruka mbili, na wewe umeruka ukurasa mzima, na rafiki yako amekusaidia kugeuza." Walidhani nina majini ya kuniambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikia kila kitu kupitia ukuta wa msalani.

Kisimani wakasema kisu kimekata kisichopasa kukatwa. Wazazi wakaanza tena kutazamana. Nami badala ya kuuliza, kwa kuwa ukaidi ni ugonjwa usioshonwa, nikajitibu kwa elimu niliyokuwa nayo, na elimu hiyo ndiyo iliyotaka kuniua.

Bibi yangu alikuwa ametufundisha sisi wasichana wa nyumba yake kwamba mtu hastanji, hajioshi kwa maji, mpaka awe na yakini tone la mwisho limetoka. Ukishamaliza haja unakohoa mara tatu, unajikaza tumbo, unangoja, unakohoa tena. Nilisomeshwa hivyo nikiwa na miaka saba, na nikasomesha hivyo. Sasa mtu ambaye mkojo wake unatoka kwa uzi, na ambaye anasikia kila mara kwamba umebaki, atafanya nini? Nilijikamua. Nilikohoa si mara tatu, mara thelathini. Nilibana tumbo kwa mikono miwili. Nilitoka msalani nimelowa jasho, miguu imekufa ganzi, na bado nina shaka, narudi. Na juu ya hayo nikaacha kunywa maji, kwa hesabu ya mtoto wa miaka minne: kisichoingia hakitatoka. Nilikunywa kikombe kimoja alfajiri na kingine usiku, katika joto la Kisauni la kaskazi.

Wiki ya tatu mkojo ukaanza kunichoma kama pilipili. Ya nne nikapata homa ya kutetemeka mpaka meno yakagongana. Mavyaa hakuniuliza. Alinifunga buibui kama anafunga mzigo na tukavuka daraja.

Safari hii sikumwona daktari kwanza, nilimwona nesi. Alikuwa Mtaita, Mkristo, mkubwa kuliko mimi kidogo, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, nikakisamehe kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Akanipa vidonge, akaketi kitandani pangu, na akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza maishani.

"Mama, ukienda choo unafanya aje? Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Vile unakaa. Vile unamaliza. Kila kitu."

Nilimwonyesha. Nilichuchumaa nyuma ya pazia, nikakohoa, nikajikamua, nikamweleza na sababu, na hadithi ya bibi yangu. Nilitegemea atacheka. Hakucheka mpaka nilipofika kwenye kikombe kimoja cha maji, na hapo akashika kichwa.

"Mwalimu," akasema, maana nilikuwa nimeshamwambia kazi yangu mara tatu, "kwa nini unapiga vita na kibofu chako?"

Akanieleza, na ni yeye, si mkalimani, aliyenipa yale mengine ya kidaktari. Shingo ya kibofu changu ilikuwa imelegea kwa kuzaa. Daktari ameiinua na kuibana kwa mshono, ndiyo maana sivuji. Lakini mlango uliobanwa hupitisha taratibu, na wanawake wengine, si wote, baada ya kushonwa huona hayo: mkojo mwembamba, haja ya kila mara, wito usiongoja. Kwa wengine hupungua wenyewe. Kwa wengine hubaki kiasi. Nikijikamua nauumiza mshono, na nisipokunywa maji mkojo unakuwa mkali, na ule uliobaki ndani unaoza, ndipo homa. Nisijikaze. Nikae, niinamie mbele, ningoje, uje wenyewe. Ukiisha, nisimame kidogo, nipumue, nikae mara ya pili, uje uliobaki. Ninywe maji kama watu. Na nikiitwa nisikimbie.

"Kibofu chako kimekuwa mtoto mwenye deko," akasema. "Akilia mara moja tu, unambeba. Sasa hata hajajaa anakuita. Mwache alie kidogo. Dakika mbili leo, tatu kesho. Atajua nani mkubwa."

Pale pale homa ikiwa bado kichwani nikasikia kitu kikinyooka ndani yangu. Ugonjwa nilikuwa siujui, na kisu sikijui, na maneno ya Kizungu siyajui. Lakini mtoto mwenye deko! Nimewaona mia. Wameletwa kwangu wamebebwa, wanalia ukumbini, na baada ya mwezi wanasoma. Hakuna mtu wa Kisauni, wala wa Mombasa nzima, aliyekuwa na haki ya kuniambia mimi jinsi ya kufundisha mtoto mwenye deko.

Hatukuwa na saa ukumbini, na dakika za nesi sikuzijua zinalia vipi. Nikatumia kile nilichokuwa nacho. Nikiitwa, nakaa palepale mkekani, nabana, nasoma sura fupi ya Kulhuwallahu moyoni, polepole, kwa hukumu zake zote za usomaji. Ikiisha, nainuka natembea. Sikimbii. Wiki ya kwanza nilishindwa mara nyingi, na kitambaa nilikuwa nimejifunga, na nikatia udhu kwa udhuru wangu bila haya, kwa mara ya kwanza. Wiki ya pili nikatia na Kul-audhu zote mbili. Mwezi ukaisha, nikawa nasoma kutoka Alam-tara mpaka mwisho. Nikapanda Sabbihisma. Nikapanda Amma. Hivyo ndivyo mtoto anavyopandishwa juzuu, kutoka nyuma kwenda mbele, sura fupi kwanza, na akikosea anarudishwa, hapigwi. Siku nilipofika Tabaraka yote, wito ulikuja, ukalia, ukachoka, ukanyamaza wenyewe katikati ya sura, nikabaki na mshangao mkubwa kiasi kwamba nikamwita mavyaa.

"Mama, nimefika Tabaraka!"

"Weye si ulihitimu utotoni?"

"Mimi nilihitimu. Ni kibofu."

Akanitazama, akaketi kwenye ngazi ya uani, na akacheka mpaka leso ikamvuka kichwani. Tangu siku hiyo akawa ananiuliza kila asubuhi, mbele ya yeyote: "Mwanafunzi wako hajambo? Amefika wapi?" Watu walidhani anauliza wasichana.

Wakati huo wanaume kwenye mabaraza hawakuwa na mazungumzo ila mwambao: uende na bara, ubaki na Sultani, bendera itakuwa ipi. Mume wangu alikuwa akirudi na sauti imemkauka kwa kubishana. Mimi nilikuwa na serikali yangu ya kutengeneza, na yangu ilikuwa inasonga mbele kuliko yao.

Sitaki kusema nilipona kabisa, maana atakayesoma akiwa na maradhi haya ninayoyasema ataniona mwongo. Mkojo wangu mpaka leo hutoka kwa utaratibu wake. Mimi hukaa mara mbili, hunywa maji, huamka usiku mara moja. Lakini nilitoka mara tisa kabla ya adhuhuri nikafika mara mbili. Sikuona mtu ananifundisha kujivunia hilo, nikajifundisha mwenyewe.

Miezi michache kabla ya bendera kubadilishwa, mwanafunzi wangu mkubwa akawa tayari kuhitimu. Alikuwa wa kwanza tangu nipasuliwe. Katika chuo chetu khitma ina desturi yake: anayehitimu husoma juzuu ya mwisho yote mbele ya wanawake wa mtaa, na mwalimu akishaketi mkekani mbele yake hainuki mpaka dua isomwe. Bibi yangu aliwahi kukaa na homa. Mama yangu alikaa akiwa na mimba ya miezi minane. Na wanawake walikuja kuona kama mimi nitakaa. Walijaa ukumbi na uani, asumini na udi mpaka pumzi nzito, na yule mama aliyeuona mkeka wangu akaja pia, akaketi karibu na mlango pamoja na mwanawe. Alikuja kuamua. Najua, kwa sababu ningekuwa yeye ningekuja kuamua. Nikiinuka, chuo kimekwisha.

Nilijitayarisha. Nilikwenda msalani mara mbili, nikakaa mara mbili kila mara. Nikaketi. Msichana akaanza. Lakini waliokuja kuimba kasida walikuwa wamependa sauti zao siku ile, kila baada ya sura chache wanatia kasida, na kila kasida ina mikia. Saa moja ikapita, na nyingine ikawa inakwenda. Na wito ukaja.

Nikabana. Nikaanza Tabaraka moyoni. Wito ukalia zaidi. Nikatoka Tabaraka nikaingia Yasini, ambayo ndiyo ilikuwa kilele changu, na nikawa naiona njia: nikiishika Yasini mpaka mwisho, dua itafika. Nilikuwa naweza. Nasema hivi leo kwa kiapo, wallahi, nilikuwa naweza. Sura yangu ilikuwa imetulia, mikono imetulia juu ya magoti, na pembeni nikamwona mama yule akilegeza mabega.

Ndipo msichana akaruka aya.

Hakuna aliyesikia. Alikuwa na sauti nzuri, akavuka kama anavuka mfereji, akaendelea. Na mimi nami nilikuwa karibu nisisikie, kwa sababu moyo wangu ulikuwa unasoma Yasini yangu na si kusikiliza sura yake. Aya mbili zikapita kabla sijatambua. Mimi niliyesikia makosa kupitia ukuta wa msalani! Nikatahayari kuliko siku ya mkeka. Bibi yangu hakuketi na homa ili watu waone ameketi. Aliketi asikilize.

"Rudi," nikamwambia. "Umeruka aya."

Akarudi, akaitafuta, akaipata.

"Hapo hapo. Tia kidole, usiendelee."

Nikainuka. Nikasema kwa sauti yangu ya chuo, ile inayofika mpaka kisimani: "Nimepasuliwa kibofu, na nyote mnajua, basi tusidanganyane. Nakwenda haja ndogo, nitatia udhu, nitarudi. Siwezi kubana mkojo na kumsikiliza huyu kwa wakati mmoja, na nimekuja kumsikiliza."

Nikatembea. Sikukimbia. Kufika mlangoni, mama yule alikunja magoti nipite.

Msalani nilichuchumaa, nikainama mbele, nikangoja. Ukaja kwa uzi, ukaisha. Kila kitu ndani yangu kilitaka nijikamue nimalize, wanawake arubaini wananingoja. Sikujikamua. Nikasimama, nikapumua, nikachuchumaa tena, nikangoja ule uliobaki. Nikastanji. Nikatia udhu kiungo kwa kiungo, bila haraka. Nyuma ya ukuta nikasikia nyayo, mtu anainuka, kisha sauti ya mavyaa:

"Kaa kitako, wee! Mwalimu yuwaja."

Nilipoingia walikuwepo wote. Hakuna aliyekuwa amekunywa kahawa. Msichana alikuwa ameinamia msahafu, hajainua uso, na kidole chake kilikuwa palepale kwenye neno.

Nikaketi mbele yake.

"Soma," nikamwambia.